Papai Halikukatazwa

Mama yangu aliamini kwamba mtoto asiyekula mboga huja kuwa mtu mzima mwenye hasira. Mimi nilikula mboga tangu sijaota meno, na hasira ninazo mpaka leo, kwa hiyo dawa yake haikufanya kazi yote. Lakini nilipopata kazi ya ualimu katika shule ya serikali ya Wajerumani huko Songea, mama alinifungia mbegu katika vipande vya kanga, kila kipande na uzi wa rangi yake ili nijue kipi ni kipi: mchicha, bamia, bilingani, papai. Nazi alitaka kunipa pia. Safari kutoka Kilwa ilikuwa ya miguu na wapagazi walikataa katakata, basi nikaziacha nazi, nami nakiri kwamba nilizililia kuliko nilivyowalilia baadhi ya jamaa zangu.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, na njaa iliyovifuata ilikuwa ndiyo kwanza imelegea. Njiani tulipita vijiji visivyo na watu, mashamba yameshikwa na nyasi ndefu. Songea niliyoikuta ilikuwa boma, kambi ya askari, maduka machache, na baridi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia habari za baridi ile. Wiki ya kwanza nilifundisha nikiwa nimejifunika blanketi, na wanafunzi wakadhani ndivyo walimu wa pwani wanavyovaa.

Bwana mkubwa wa boma alitaka kila shule iwe na shamba. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ileile, miguu haijapoa. Yeye alitaka pamba. Nikamwomba sehemu ya shamba nipande mboga na matunda, nikamweleza kwamba mtoto anayekula vizuri haugui, na asiyeugua anasoma upesi na kuwa karani. Alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kabichi.

Wanafunzi wangu walikuwa wavulana watupu, wengi wao Wangoni, wana wa watu waliozoea ng'ombe na vita. Niliwafundisha kusoma, hesabu, na nyimbo za Kijerumani ambazo mimi mwenyewe sikuzielewa. Mchicha ulimea vizuri kuliko kwetu. Mchana wa kwanza wa kuvuna niliupika kwa chumvi na kitunguu, nikamwekea kila mmoja pembeni ya ugali wake, nikasimama mbele yao kuhutubia. Nikasema mboga huongeza damu, hung'arisha ngozi, hutia nuru machoni, hulainisha tumbo. Nilipofika kwenye tumbo wakacheka. Mkubwa wao, kijana ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kumtafuta, akanyoosha mkono kama nilivyowafundisha.

"Mwalimu, haya ni majani."

"Ni mboga."

"Majani anakula mbuzi. Sisi tulikula wakati wa njaa. Njaa imeisha."

Hakusema kwa ujeuri, na wenzake hawakucheka tena. Ilinichukua muda kuelewa. Katika njaa ile walikuwa wamekula majani ya porini, yamechemshwa bila chumvi, mwezi baada ya mwezi, mpaka rangi ya kijani peke yake ikawa inawakumbusha waliowazika. Mimi nimetoka pwani na tumbo langu limejaa, nawapakulia msiba wao kwenye sahani na kuwaambia ni afya.

Lakini siku ile sikuelewa, basi niliamrisha. Watoto wa shule ya serikali wanajua amri. Kila mchana sahani zilirudi tupu, nami nikatembea kifua mbele. Nilikuwa na mbuzi jike niliyemfunga nyuma ya darasa, na mbuzi yule akanenepa, akanawiri, akatoa maziwa mpaka nikawa nayagawa kwa majirani huku nikisifia malisho ya Songea. Kisha siku moja, wakati wa chakula, nilizunguka nyuma ya darasa kutafuta kivuli. Nikakuta mstari wa wavulana, wametulia kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona darasani, kila mmoja na konzi yake ya mchicha, anangoja zamu ya kumlisha mbuzi. Mkubwa wao alikuwa akiwahimiza: "Upesi, na wewe. Mwalimu anatoka sasa hivi."

Mbuzi ndiye peke yake aliyekuwa amefuata masomo yangu. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Kisha nikakaa juu ya gogo, nikamtazama mbuzi alivyonona, na kicheko kikanishinda. Nilicheka hata machozi yakanitoka, nao walipoona hakuna kiboko wakacheka pia, na mbuzi akaendelea kutafuna.

Siku chache baadaye nikakumbuka kisamvu. Muhogo ulikuwepo, na jani la muhogo halipikwi mpaka litwangwe. Tatizo ni kwamba kule kutwanga ni kazi ya wanawake, na wale wana wa mashujaa wasingeshika mchi hata kwa amri ya boma. Nikaazima kinu kwa jirani, nikapandisha kanzu, nikaanza kutwanga mwenyewe mbele ya darasa zima. Habari ilifika mbali kabla kisamvu hakijalainika. Wanawake waliokuwa wakitoka mtoni walitua mitungi yao wakaja kutazama.

"Mwalimu," mmoja akaniuliza, "unatwanga, au unaua nyoka?"

Akaninyang'anya mchi, akanionyesha, akanirudishia. Nikajaribu tena. Wanawake waliegemeana kwa kucheka, wavulana wakagaagaa chini, na mimi, ambaye kwetu nilikuwa nikihesabiwa mtu wa heshima, nilikuwa nafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu nifike. Kwa kuwa nazi hakuna, nilitia karanga zilizosagwa, nikaacha sufuria ichemke mpaka alasiri. Harufu ilifanya hotuba ambayo mimi nilishindwa. Wa kwanza kuchovya alikuwa mdogo kuliko wote. Halafu wakamtazama mkubwa wao. Naye akachovya, akatafuna, akafikiri sana, akatoa hukumu.

"Hiki mbuzi hawezi kukila. Mbuzi hana kinu."

Basi ikawa imekatwa: kilichotwangwa ni chakula cha watu. Tulitwanga mchicha, tukatwanga majani ya kunde, tukatwanga majani ya maboga. Hata bamia mtu mmoja alitaka kuitwanga, nikamzuia. Mkono wangu ulikuwa mzito na chakula kilichelewa, kwa hiyo haikupita muda wavulana wenyewe wakakamata mchi, maana njaa haijui aibu. Baadaye hata kutwanga kukawa si lazima, wakala mboga kama wanavyokula watu wote. Mbuzi wangu alikonda akarudia hali yake ya zamani, na kila nilipopita alinigeuzia mgongo.

Mmoja tu hakula. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wote, mcheshi, na yeye ndiye aliyeongoza nyimbo. Mboga zikipita alisema, "Nashukuru, mwalimu, nimeshiba," akala ugali wake na maharage. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamkalisha karibu yangu. Jibu lilikuwa lilelile, na adabu ileile. Tena alikuwa na tabia iliyonikera: jua likianza kushuka alinyamaza, akaomba ruhusa ya kutangulia nyumbani. Nikamhesabu mvivu.

Jioni moja tulichelewa kumwagilia. Nikamtuma alete mtungi, naye akaenda moja kwa moja akagonga ua wa bustani, akageuka akanigonga mimi. "Mwenda pole hajikwai," nikamtania. Akatabasamu, lakini mikono yake ilikuwa inapapasa. Nikasogea pembeni kimya kimya, nikaweka kiganja mbele ya uso wake.

"Mwalimu," akasema, "umekwenda wapi?"

Niliogopa. Ugonjwa ule niliujua: mtoto anaona mchana, jua likizama hana macho. Wazee wetu pwani walimlisha mtoto wa namna hiyo mboga na mapapai, kwa sababu giza linaloanza magharibi, likiachwa, siku moja huhamia mchana na halitoki tena. Daktari wa boma nilipomwuliza alisema ini la ng'ombe, na alikuwa sawa, ila ng'ombe wa Wangoni walikuwa wamekwisha kwa vita. Kwa hiyo mboga nilizokuwa nikimbembeleza nazo mtoto yule zilikuwa macho yake, naye kila mchana alikuwa anazikataa kwa shukrani.

Nikamshika mkono nikampeleka kwao, ng'ambo ya kijito. Aliishi na bibi yake, mama wa baba yake. Tulimkuta ameketi nje ya nyumba, uso ameuelekeza kwenye njia itokayo mashariki.

"Nani anakuja?" akauliza. Macho yake mwenyewe yalikuwa ya uzee, hayafiki mbali.

"Mimi, bibi, na mwalimu."

"Na nyuma yenu?"

Mtoto akageuza uso kwenye njia ile, ambayo nilijua haioni kabisa. "Hakuna mtu, bibi," akasema.

Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akanipa togwa. Sikungoja hata kuimaliza, nikaanza kulalamika: kwa nini mtoto hali mboga, nani kamfundisha. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akanieleza, kwa Kiswahili chake cha polepole.

Mwanawe, baba wa mtoto, alikwenda vitani. Walipopewa yale maji ya dawa ya kuzuia risasi walipewa na miiko, kila kundi na yake. Mwiko wao ulikuwa likolo, yaani mboga za majani: isiingie kinywani mwake wala nyumbani mwake mpaka arudi na kunawa. Akaondoka kwa njia ile ya mashariki. Katika njaa, wengine walipokula majani, bibi alichimba mizizi. Mama wa mtoto alikufa katika njaa hiyo. Majani hayakuingia.

"Wanasema naye amekufa," akasema. "Nani amemwona? Nikipika likolo, nimemwua mimi."

Mimi ni mtu wa maneno, na juu ya maji yale na miiko yake nilikuwa na maneno mengi. Lakini nilikuwa nimetoka katika shule ya wale ambao mwanawe alikwenda kupigana nao, nikaona kinywa changu hakina haki ya kufunguka. Nikasema lile moja nililolijua.

"Bibi, mtoto haoni njia jioni."

Akamgeukia. "Kweli?"

Mtoto akainamisha kichwa.

"Na kila siku nikikuuliza?"

"Nilikuwa nasikiliza, bibi. Kama kuna nyayo."

Bibi alimvuta akamkalisha karibu yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Hakuniaga, na mimi sikungoja kuagwa.

Wakati huo mipapai yangu ilikuwa imekwisha kuzaa. Papai la kwanza kuiva wavulana walilichuma Ijumaa, mimi nikiwa nimekwenda kusali. Wakaona ni boga lililopanda mti, wakalikatakata, wakalichemsha, na niliporudi wakanishitakia kwamba maboga ya pwani yana maji mengi na hayashibishi. Nilikaribia kulia. La pili nililikata mwenyewe, bila moto wowote, na tangu siku ile hapakuwa na amani chini ya mipapai. Mtoto yule peke yake hakuligusa; kwake lilikuwa bado boga.

Asubuhi baada ya kumpeleka mtoto kwao nilichagua papai moja lililoiva vizuri, nikalipeleka kwa bibi. Alilishika, akaligeuza, akanihoji kama kadhi.

"Hili ni boga?"

"Si boga."

"Majani yake mnapika?"

"Hatupiki. Tunakula tunda tu."

"Linatambaa?"

"Hapana, mti wake unasimama wima."

"Mwanangu alilijua?"

"Mbegu nilizileta mimi, bibi, vita vikiwa vimekwisha."

Akalipima mkononi. "Basi hawakuweza kumkataza kitu ambacho hakijafika," akasema, akaomba kisu. Alionja yeye kwanza, akakunja uso. "Linanuka. Lakini ni tamu." Mtoto alikula mpaka maji ya papai yakamfika kwenye viwiko, na mimi niliyekuja kutoa nikala nusu ya kilichobaki.

Siku zile nazikumbuka kwa furaha kuliko zote za Songea. Darasa zima lilijifunga kumponya mwenzao. Kijana wa ndevu alilinda mipapai kwa ukali, hata mimi mwenye mbegu nilitakiwa kueleza ninataka nini pale. Kila jioni walimzunguka, mmoja akainua vidole mbali kidogo, wakauliza, "Vingapi?" Mwanzoni alibahatisha, na akikosea alidai aliyeinua ana vidole vichafu. Halafu akaanza kupatia jua likizama, kisha jua likiwa limezama, kisha wekundu wa mbinguni ukiwa umebaki kidogo tu. Ikafika jioni ambayo nyota zilitoka tukiwa bado tunamtahini. Nikainua vidole vyangu mwenyewe.

"Vitatu," akasema, "na cha katikati kimepinda."

Kimepinda kweli, tangu utotoni. Walimbeba juu juu wakamzungusha bustani nzima wakiimba wimbo wa Kijerumani, maana ndio walioujua wote, na bilingani zangu zikakanyagwa nisiseme neno.

Kisha baridi ikaingia. Ukungu ulilala juu ya shamba mpaka karibu na adhuhuri, na mapapai yaliyobaki mtini yakagoma kuiva, magumu yale. Wavulana ndio waliogundua kwanza. Jioni moja mwenzao alionyeshwa viwili akasema vitatu, na safari hii hakuna aliyecheka. Nikaenda kwa bibi nikamwambia wazi kwamba mapapai yamekwisha na macho yanarudi nyuma. Akainuka akaingia ndani. Nilirudi nimenyong'onyea, kwa sababu nilijua nilichomwomba bila kukitaja.

Haikuwa muda mrefu nikasikia amewaita ndugu zake na majirani. Alikuwa amenyoa nywele. Wakakaa matanga ya mwanawe, na kwa kuwa hapakuwa na maiti wakazika ngozi aliyokuwa akiilalia. Watu walikuja kutoka mbali. Wengi walikuwa na wao ambao hawakurudi, wakawalilia hapo hapo. Kulikuwa na ugimbi, ile pombe yao, ambayo mimi sikuigusa, lakini kwenye ugali nilijitahidi. Siku ya kuanua tanga aliiita shule nzima.

Alikuwa ameshuka mwenyewe bondeni, ambako majani ya maboga hayakauki, akachuma, akayamenya nyuzi, akayapika kwa karanga. Alitoa chungu nje mbele yetu sote. Akamega ugali, akachovya, akala yeye wa kwanza. Alitafuna polepole sana na hakumtazama mtu. Mimi nilikuwa nimehubiri mboga mwaka mzima na zaidi, na siku hiyo nilitazama chini na kulia, wala sioni haya kusema. Kisha akachovya tonge la pili, akampa mjukuu wake kwa mkono wake. Mtoto akala. Kijana wa ndevu akakohoa.

"Bibi," akasema, "na sisi tupo."

Bibi akacheka. Ndipo sote tukacheka, tukakaribia, na chungu kile hakikubaki na kitu hata cha kumpelekea mbuzi.

Joto liliporudi, papai la kwanza kuiva nililipeleka kule ng'ambo ya kijito. Jua lilikuwa limezama na njia imeanza kuwa nyeusi. Nilikuwa bado mbali niliposikia sauti ya bibi.

"Nani anakuja?"

"Mwalimu, bibi," mtoto akajibu papo hapo. "Amebeba papai. Na kanzu yake ina tope."

Nikasimama. Sijui kwa nini, nilikuwa nangoja lile swali la pili. Bibi aliitazama njia nyuma yangu, kitambo kidogo tu.

"Haya, ingiza kuku," akamwambia. "Tukale."